ALT inashuka, INR inapanda: kisa cha homa ya ini B iliyolipuka baada ya dawa kuachwa

Kisa hiki nimekiunga kutoka kwa wagonjwa wa aina moja, sio mtu mmoja, kwa hiyo usihangaike kumtafuta nani ni nani. Nimekichagua kwa sababu kina mitego karibu yote ya kuvimba kwa ini, na mtego mkubwa kuliko wote unakuja siku ya tatu, pale ambapo kila mtu anaona mgonjwa anapona kumbe ndo anaharibikiwa.

Jamaa ana miaka 42. Anajijua ana homa ya ini B, aligundulika miaka minne nyuma alipoenda kuchangia damu. Wakati ule ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ilikuwa juu na virusi vingi, akaanzishiwa tenofoviri, dawa ya kuzuia kirusi, ya miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, basi. Akameza vizuri, ALT ikatulia, kipimo cha virusi kwenye damu kikawa hakioni kitu mara kadhaa mfululizo. Akaacha dawa. Sio kwamba ni mzembe, mtu umepima mara ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi, na hakuna aliyekaa nae chini akamwambia hizi dawa ni za muda mrefu, wengi wanameza maisha yote, sasa we ulitaka afikirie nini?

Miezi minne baadae anaanza kuchoka. Uchovu ule wa kuamka asubuhi ukiwa tayari umechoka. Hamu ya kula hakuna, kichefuchefu, upande wa kulia chini ya mbavu pazito. Mtu akamshauri dawa ya mitishamba ya kusafisha ini, akainywa wiki tatu hivi. Alafu macho yakawa ya njano, mkojo ukawa wa kahawia nzito, ndo akaja.

Majibu ya siku ya kwanza: ALT 1,380, AST, kimeng'enya mwenzake, 960, hizo zote mwisho wa kawaida kwa maabara ile ni 40. Bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, 118, kawaida isizidi 21. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, 36. INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, 1.4. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 168. Kreatinini 84, figo ziko salama. HBsAg, alama kwamba kirusi cha B kipo mwilini, ipo. HBeAg, protini nyingine ya kirusi hicho, haipo. Kingamwili ya IgM dhidi ya kiini cha kirusi cha B, ipo kwa kiasi kidogo. Homa ya ini A, C, D na E hakuna, VVU hakuna. Ultrasaundi inaonyesha njia za nyongo hazijapanuka, hakuna maji tumboni, ini limevimba kidogo.

Hapa kuna watu wawili walibishana, na ubishi wao una maana. Mmoja anasema IgM ipo, kwa hiyo haya ni maambukizi mapya, homa ya ini B ya ghafla, na mtu mzima akiambukizwa B kwa mara ya kwanza zaidi ya asilimia 95 wanaisafisha wenyewe, kwa hiyo tumpe maji, apumzike, tusubiri. Ungekuwa mgonjwa asiye na historia ningemwelewa. Ila IgM hii inarudi hata pale ugonjwa wa zamani unapolipuka upya, na inarudi hivi hivi kwa kiwango cha chini. Faili la jamaa linasema HBsAg ilikuwepo miaka minne nyuma. Mtu haambukizwi upya kitu ambacho hakijawahi kumtoka. Aliyebaki bila kusoma faili la zamani angemwacha bila dawa, na hilo lingekuwa kosa la gharama.

Mwingine anasema ni mitishamba. Nae hana ujinga. Dawa za asili na virutubisho vya kwenye vichupa ni sababu inayojulikana kabisa ya ini kuungua, na tatizo lake kubwa ni kwamba hujui ndani kuna nini, majani gani, mangapi, na kama kuna mtu kasaga vidonge vya hospitali humo akachanganya. Ila angalia tarehe. Uchovu ulianza kabla ya mitishamba, yeye aliinywa kwa sababu tayari anaumwa. Hii inatokea sana, yaani dawa inalaumiwa kwa ugonjwa uliomfanya mtu aitafute. Haimaanishi haikuongeza moto. Inamaanisha haikuuwasha.

Kuna wanaopenda kupiga ile hesabu ya uwiano, ALT mara ngapi ya kawaida gawanya kwa ALP, kimeng'enya cha njia za nyongo, mara ngapi ya kawaida, ikizidi 5 ni seli za ini ndo zinaumia, ikiwa 2 au chini ni njia za nyongo. ALP yake ilikuwa 150 na mwisho wa kawaida 120, kwa hiyo 34.5 gawanya 1.25, inakuja kama 28. Sawa, seli za ini. Lakini kirusi nacho kinaumiza seli za ini, kwa hiyo hesabu haimalizi ubishi. Inapunguza tu uwezekano wa mawe kwenye nyongo.

Sasa uamuzi. Kipimo cha wingi wa virusi kimetumwa na majibu yatachukua siku. Unasubiri? Hapana. Huu ndo uamuzi rahisi kuliko yote kwenye kisa hiki na bado watu wanausubirisha. Ukianza tenofoviri leo na baadae ikaonekana ni mitishamba, umepoteza nini, vidonge vichache, na mtu mwenyewe alikuwa anastahili dawa hata hivyo. Usipoanza na ikawa ni kirusi, kila siku inayopita ini linaliwa. Akaanzishiwa siku ile ile. Tenofoviri au entekaviri zote zinafaa, alirudishiwa tenofoviri maana ndo aliyoizoea, figo zake nzima, na kuacha dawa hakumaanishi kirusi kimeizoea. Lamivudini peke yake siku hizi sio ya kumpa mtu kama huyu, kirusi kinaizoea haraka. Na kabla ya yote VVU ilibidi ipimwe, sio kwa mazoea tu: tenofoviri peke yake kwa mwenye VVU ni kumtengenezea usugu, yule anahitaji mseto kamili.

Mitishamba ikasimamishwa, na sio kwa kumgombeza, maana ukimgombeza mgonjwa kesho anakunywa kwa siri na wewe unasoma vipimo usivyovielewa. Parasetamoli alikuwa anameza vidonge viwili vya miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa ajili ya mwili kuuma, gramu 2, hajazidisha. Watu wanaogopa parasetamoli kuliko inavyostahili. Kwa ini lililovimba gramu 2 kwa siku kwa muda mfupi ndo ukomo ambao wengi wanaukubali, na ina nafuu kuliko zile dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni ambazo zinaenda kugonga figo kipindi ambacho figo ndo za mwisho kuzitia majaribuni.

Alafu akatokea mtu na wazo la prednisoloni. Hoja yake: ini limevimba, steroidi inatuliza uvimbe, tumpe. Hii inasikika ya maana mpaka ukumbuke kinachouma ni nini. Kirusi cha B chenyewe hakiui seli ya ini moja kwa moja, kinga ya mwili ndo inashambulia seli zilizobeba kirusi. Ukiizima kinga kwa steroidi, kirusi kinazaana bila wa kukizuia, na siku unapunguza steroidi kinga inaamka inakuta seli nyingi zaidi za kushambulia. Steroidi ina mahali pake: ile homa ya ini ambapo mwili unajishambulia wenyewe, hapo prednisoloni na azathioprini ndo matibabu yenyewe na mtu anaweza kufa ukichelewa. Na kwa homa ya ini kali ya pombe, wagonjwa waliochaguliwa vizuri wanapewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, unaangalia siku ya saba, bilirubini isiposhuka vya kutosha unaacha. Kwa hiyo neno "ini limevimba" halikupi dawa. Unauliza kwanza limevimbishwa na nini.

Siku ya tatu. ALT 1,010. Dada yake ndo alikuwa anafuatilia makaratasi, ameandika namba zote kwenye daftari kwa mstari, na akaja na furaha: "Dokta, si imeshuka? Kutoka elfu na mia tatu na kitu."

Imeshuka kweli. Ila kwenye daftari lile lile, mistari miwili chini, bilirubini imetoka 118 imekuwa 190, na INR imetoka 1.4 imekuwa 1.7. Soma namba hizo tatu kwa pamoja. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, seli ikipasuka kinamwagika kwenye damu. Kwa hiyo ALT inakwambia uharibifu unaendelea kwa kasi gani, haikwambii ini lina nguvu kiasi gani. INR ndo inakwambia kazi, maana ini ndo linatengeneza vigandisha damu, na baadhi yake, mfano kile cha 7, kinaishi masaa machache tu mwilini, kiwanda kikisimama INR inapanda haraka. Bilirubini inakwambia kama ini bado linaweza kusafisha. ALT ikishuka huku hizo mbili zinatulia, hongera. ALT ikishuka huku hizo mbili zinapanda, huenda inashuka kwa sababu seli za kupasuka zimebaki chache. Ni kama kelele za mnada kupungua kwa sababu ng'ombe wameisha.

Ilibidi aambiwe dada yake hivyo, kwa upole lakini bila kuzunguka. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo tuangalie ipi?" Akaambiwa achore duara kwenye INR na bilirubini, ALT aiandike tu.

Kilichofuata siku ile ndo utunzaji wenyewe, na wala hauna mbwembwe. Alichomwa vitamini K, kwa sababu mtu mwenye manjano na asiyekula anaweza kuwa na INR ya juu kwa upungufu wa vitamini hiyo tu. Ikirekebika ndani ya siku moja hivi basi ini sio baya kama lilivyoonekana. Haikurekebika, ikabaki 1.7. Kuna aliyetaka aongezewe plazima, ile sehemu ya maji ya damu yenye vigandisha damu, INR ishuke. Hapana, mtu havuji damu popote. Ukimpa plazima umepata namba nzuri ya kuazima na umejiziba macho, hujui tena ini linaelekea wapi.

Sukari ya kwenye damu ikawa inapimwa mara kwa mara, mchana na usiku, maana ini ndo ghala la sukari na likichoka mtu anashuka akiwa amelala. Na akili yake ikawa inachunguzwa kila zamu. Hii wengi wanairuka au wanaandika tu "yuko macho" wakati kuwa macho sio kipimo. Unamwambia nyoosha mikono mbele, kunja viganja kuelekea juu kama unazuia mtu, tanua vidole, shikilia hivyo. Kwa aliye salama viganja vinatulia. Kwa ambaye sumu zimeanza kupanda kichwani viganja vinadondoka ghafla na kurudi, vinadondoka na kurudi. Unamwambia toa 7 kwenye 100, endelea kutoa 7. Unamuuliza ndugu anayelala nae wodini kama amekuwa analala mchana na kukesha usiku, maana ndugu anaona kabla ya daktari. Dawa za usingizi asipewe, hata akilalamika vipi. Choo asikose.

Jamaa alifika 72 akakosea, akacheka, akarekebisha. Viganja vimetulia. Maji tumboni hakuna. Kwa hiyo tuko mlangoni: bilirubini na INR vimeshavuka mstari wa ini kuanza kushindwa, lakini ubongo na tumbo bado. Hapo ndo simu inapigwa kwenye kituo kinachopandikiza ini, akiwa bado anaongea na kucheka. Wengi wanasubiri mpaka mgonjwa aanze kupotea, na akishapotea kumsafirisha kwenyewe kunaweza kummaliza.

Chakula, kwa kifupi kwa sababu watu wanapenda kukifanya kirefu: hakuna kumnyima protini, hiyo ni imani ya zamani, anahitaji gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na ale kitu kabla ya kulala ili usiku usiwe mfungo mrefu. Pombe sifuri. Kulala kitandani siku nzima hakuponyi ini, kunamaliza misuli tu.

Majibu ya wingi wa virusi yakarudi: milioni 8 kwa mililita. Ubishi wa mitishamba ukapoa. Siku ya sita INR 1.6, bilirubini 214, yaani moja imesimama nyingine bado inapanda, na hii ni kawaida, bilirubini inachelewa kuliko INR kwenda na kurudi, usimtishe mtu kwa hilo peke yake. Siku ya kumi INR 1.3, bilirubini 160, ALT 320. Sasa hapo ALT ndo inashuka kwa heri. Aliruhusiwa akiwa bado na macho ya njano, na kurudi kila wiki kupima. Baada ya wiki kumi na mbili bilirubini 19, ALT 38, AST 34, virusi vimeshuka mpaka karibu na mwisho wa uwezo wa mashine kuona.

Nirudi nyuma kidogo kwenye kosa lililokwepwa. Siku ile ya kwanza kuna mtu alipiga APRI, ile hesabu ya AST na chembe sahani inayokadiria makovu ya ini. 960 gawanya 40, gawanya 168, mara 100, inakuja 14 na ushee. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, zaidi ya 1 kwa mtu mzima inaashiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Sasa 14 ni nini, sirosisi mara kumi na nne? Namba hiyo ni AST tu inapiga kelele. Mtu angeambiwa ini limekufa wakati limewaka. Hata kile kipimo cha kupima ugumu wa ini kwa mawimbi kinadanganya kipindi hicho, ini lililovimba ni gumu hata kama halina kovu. Subiri moto uzime ndo upime. Alipopimwa ALT imetulia, na chembe sahani 172, APRI ilikuwa 0.49, chini kidogo tu ya 0.5, mstari wa makovu ya maana. Ugumu ukasoma kilopaskali 8.1, na kwa mwongozo ule ule zaidi ya 7 ni makovu ya maana, sirosisi inaanziwa kushukiwa zaidi ya 12.5. Vipimo viwili havikubaliani, na hapa mi nasimama na ugumu, maana APRI inajulikana kuwakosa wengi wenye makovu ya kati.

Dawa sasa ni mpaka lini? Kirusi cha B kinaacha nakala yake ndani ya kiini cha seli ya ini, duara dogo la DNA, na tenofoviri hailigusi. Inazuia uzalishaji tu. Ndo maana damu inaweza kuwa safi miaka na HBsAg bado ipo, na ndo maana ukiacha kinarudi. Kuacha kunazungumzwa pale HBsAg yenyewe ikipotea, na hilo kwa vidonge hivi linawapata wachache sana. Usichanganye na homa ya ini C, kule vidonge vya wiki 8 mpaka 12 vinaponya zaidi ya asilimia 95 na ukimaliza umemaliza. Watu wanasikia habari za C wanazipeleka kwa B, wanaacha dawa.

Ratiba yake: tenofoviri kila siku, kreatinini mara moja moja, na ultrasaundi ya ini kila miezi sita kutafuta uvimbe wa saratani, maana B inaweza kuleta saratani ya ini hata bila sirosisi. Mke wake alipimwa, hana, na hakuwa na kinga, akaanza chanjo, dozi tatu. Watoto walishachanjwa tangu wadogo. Nyembe na miswaki kila mtu yake, kirusi hiki kinakaa hai nje ya mwili angalau siku saba. Sahani na vikombe havina shida, msimtengee mtu vyombo.

Kilichobaki kilikuwa ni ndugu. Mtu mwenye B ya kudumu mara nyingi aliipata utotoni, kwa sababu mtoto mchanga akiambukizwa karibu tisa kati ya kumi wanabaki nayo, kwa hiyo unamtazama mama na waliozaliwa tumbo moja. Dada wa daftari hana. Kaka mkubwa anayo: ALT 22, virusi 640 kwa mililita, APRI 0.3, hana dalili yoyote. Akataka dawa kama za mdogo wake. Kwa namba zake peke yake angeambiwa subiri, rudi baada ya muda upimwe, kwa sababu kizingiti ni virusi zaidi ya 2,000 pamoja na ALT iliyopanda, au makovu. Alafu mama yao akapimwa, HBsAg ipo, ultrasaundi inaonyesha ini lenye mabonde na wengu mkubwa, sirosisi, na hajawahi kuumwa siku moja. Mama akaanzishiwa dawa hiyo hiyo wiki ile. Na kwa kuwa mwongozo wa 2024 unahesabu sirosisi au saratani ya ini kwenye familia kuwa sababu ya kutibu bila kujali wingi wa virusi wala ALT, faili la kaka likafunguliwa upya, nae akaanza.